Mahali ni pa Nani? Mapokezi ya Umma kwa Mchezo wa Pokémon Go kwa Kuzingatia Ngeli ya PA-KU-MU

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna umma wa nchi mbalimbali ulivyoupokea mchezo wa simu ya mkononi uitwao Pokémon Go, ambao ulizuka kwa kishindo mwezi wa Julai mwaka wa 2016. Mchezo huu haukuchezwa sebuleni; ulimlazimu mchezaji kutoka nje na kufika mahali halisi. Kwa hivyo, malalamiko yaliyozuka, marufuku zilizotolewa na hata ukarimu ulioonyeshwa vilihusu mahali kuliko vilivyouhusu mchezo wenyewe. Makala yanatumia maana tatu za ngeli ya mahali katika Kiswahili, yaani PA, KU na MU, kuyaainisha mapokezi hayo. Hoja inayotetewa ni kwamba ramani ya mchezo iliifanya dunia kuwa nukta zilizo sawa, ilhali wakazi wa dunia hiyo huzitofautisha nukta hizo kwa yaliyowahi kutendeka hapo, kwa kilichomo ndani yake na kwa hatari iliyoko huko.

1.0 Utangulizi

Katika desturi ya Waswahili, mgeni hupiga hodi. Hata mlango ukiwa wazi na wenyeji wakionekana wameketi barazani, mgeni husimama, hutoa sauti, kisha hungoja aambiwe karibu. Hodi si ombi la kufunguliwa mlango tu. Ni njia ya kukiri kwamba mahali pale pana mwenyewe, na kwamba mwenyewe ndiye anayeamua mgeni aingie kwa namna gani na aishie wapi.

Mwezi wa Julai mwaka wa 2016, mamilioni ya watu katika miji ya Marekani, Ulaya, Australia na Japani walianza kuingia mahali pengi bila hodi. Waliingia bustanini, makaburini, makanisani, kwenye majumba ya makumbusho na hata karibu na kambi za jeshi, macho yao yakiwa kwenye simu. Walikuwa wakiwasaka viumbe ambao hawakuonekana kwa macho matupu. Baadhi ya wenyeji waliwacheka, wengine waliwafukuza, wengine waliwashtaki, na wengine waliwaandalia vinywaji.

Wengi waliouandikia mchezo huu wakati huo waliuona kama kichaa cha muda au kama maajabu ya teknolojia. Mitazamo hiyo miwili haitoshi kueleza ni kwa nini tendo lile lile la kuinua simu lilichekwa katika mji mmoja na kumfikisha mtu mahakamani katika mji mwingine. Makala haya yanashikilia kwamba jibu limo katika dhana ya mahali, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina zana inayofaa kuichambua dhana hiyo.

2.0 Usuli wa Mchezo

Pokémon ilianza nchini Japani mwaka wa 1996 kama mchezo wa kifaa kidogo cha mkononi. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alipenda kukusanya wadudu alipokuwa mtoto, na mchezo wake ulihifadhi burudani hiyo: mchezaji huwasaka viumbe wa kubuni, huwakamata, huwafunza na kuwashindanisha. Baadaye zilifuata kadi, filamu za katuni na bidhaa nyingine nyingi zilizoenea duniani.

Toleo la mwaka wa 2016 lilitengenezwa na kampuni ya Niantic ya San Francisco kwa ushirikiano na The Pokémon Company na Nintendo. Niantic ilianzishwa na John Hanke ndani ya kampuni ya Google mwaka wa 2010, kisha ikajitenga mwaka wa 2015. Mchezo ulizinduliwa tarehe 6 Julai 2016 katika nchi za Marekani, Australia na New Zealand. Ujerumani na Uingereza zilifuata katikati ya mwezi huo, na Japani tarehe 22 Julai. Baadaye mwaka huo ulizinduliwa rasmi katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo.

Utaratibu wake ni mwepisi kueleza. Simu hupokea ishara za setilaiti na kutambua mchezaji alipo. Kwenye kioo cha simu huonekana ramani ya barabara zile zile anazozikanyaga, na juu ya ramani hiyo huchomoza viumbe. Akifungua kamera, humwona kiumbe kana kwamba amesimama juu ya ukuta au nyasi zilizo mbele yake. Aidha, mchezo una vituo ambapo mchezaji hupata vifaa, na viwanja ambapo viumbe hupambanishwa. Mtu anaweza pia kutega chambo katika kituo ili viumbe, na kwa hivyo wachezaji, wavutike kuja hapo.

Suala la msingi kwa makala haya ni jinsi vituo hivyo vilivyochaguliwa. Kabla ya Pokémon Go, Niantic ilikuwa na mchezo mwingine wa aina hiyo ulioitwa Ingress. Wachezaji wa Ingress walipendekeza mahali penye sifa katika miji yao: sanamu, makanisa, michoro ya ukutani, minara ya ukumbusho. Mapendekezo hayo ndiyo yaliyogeuzwa kuwa vituo na viwanja vya Pokémon Go. Hivyo basi, orodha ya mahali ilitokana na watu waliowahi kupita na kupiga picha, wala si lazima iwe ilitokana na wale walioishi hapo au kuzika wafu wao hapo. Matokeo mengine ni kwamba mahali ambapo wachezaji hao wa awali hawakufika pengi palibaki patupu. Mwaka huo huo wa 2016, vyombo vya habari vya Marekani vilieleza kwamba mitaa ya watu Weusi ilikuwa na vituo vichache kuliko mitaa ya Wazungu.

3.0 Ngeli ya Mahali kama Zana ya Uainishaji

Wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili wanafahamu kwamba ngeli ya mahali ina nomino moja tu ya asili, yaani 'mahali', pamoja na nomino zinazopokea kiambishi tamati -ni. Nomino iliyopokea kiambishi hicho huweza kuchukua upatanisho wa namna tatu:

(a) Uwanjani pamejaa watu.
(b) Uwanjani kumejaa watu.
(c) Uwanjani mmejaa watu.

Katika sentensi (a), msemaji analenga mahali dhahiri, panapojulikana, panapoweza kuelekezewa kidole. Katika (b), analenga eneo kwa jumla, upande fulani, au mahali pasipodhihirika. Katika (c), analenga ndani ya mahali palipozungukwa na mipaka. Neno ni lile lile na uwanja ni ule ule. Kinachobadilika ni uhusiano wa msemaji na mahali hapo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba msemaji wa Kiswahili hawezi kuitumia ngeli hii bila kuchagua mojawapo ya maana hizo. Akiulizwa yuko wapi, atajibu hapa, huku au humu. Ramani ya simu, kwa upande mwingine, haichagui. Kwake mahali ni makutano ya latitudo na longitudo, na makutano moja hayana tofauti na mengine isipokuwa kwa tarakimu.

Hapana dai hapa kwamba Wajapani au Warusi hufikiri kwa sarufi ya Kiswahili. Ngeli hii inatumiwa kama chujio la kupangia mifano. Hata hivyo, mifano inapopangwa kwa chujio hili, inabainika kwamba watu waliolalamika katika lugha nyingine walikuwa wakitetea tofauti ambazo Kiswahili kinazidhihirisha katika viambishi vyake.

4.0 PA: Hapa Palitendeka Jambo

Kundi la kwanza la mapokezi lilihusu mahali mahususi penye kumbukumbu au penye mwenyewe. Mfano ulio bayana ni Bustani ya Ukumbusho wa Amani mjini Hiroshima. Bustani hiyo iko mahali ambapo bomu la atomiki liliangushwa tarehe 6 Agosti 1945, na kila mwaka katika tarehe hiyo hufanyika ibada ya kuwakumbuka waliokufa. Mchezo ulipofika Japani, vituo na viwanja vilionekana ndani ya bustani hiyo. Serikali ya mji iliomba viondolewe kabla ya tarehe 6 Agosti 2016, na ombi hilo lilitekelezwa. Halmashauri ya mji haikudai kwamba mchezo ni dhambi. Ilidai kwamba pale si pa mchezo.

Makaburi ya kitaifa ya Arlington, karibu na Washington, yaliwaomba wageni wasicheze hapo mwezi wa Julai. Makumbusho ya Auschwitz nchini Poland nayo iliitaka kampuni iliondoe eneo la kambi hiyo ya mauaji katika ramani ya mchezo. Katika mifano hii yote, anayelalamika haoni umbali wowote kati ya ardhi na kilichotendeka juu yake. Kupakanyaga ni kukikanyaga.

Mfano wa aina nyingine ulitokea Holyoke, katika jimbo la Massachusetts. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiishi katika nyumba iliyowahi kuwa kanisa aligundua kwamba nyumba yake ilikuwa imetangazwa kuwa uwanja wa mapambano. Wageni walianza kusimama nje ya ua wake na magari kupunguza mwendo. Aliyapokea hayo kwa ucheshi, lakini mkasa wake unafichua dosari ya ramani. Orodha ilikumbuka kanisa ambalo halikuwapo tena, na haikuijua familia iliyokuwapo. Mahali hapo palikuwa pamebadilika maana, ilhali tarakimu zake zilibaki zile zile.

Si wote waliocheka. Tarehe 29 Julai 2016, mkazi mmoja wa New Jersey aliishtaki Niantic, Nintendo na The Pokémon Company katika mahakama ya California. Alieleza kwamba watu wasiopungua watano walikuja kubisha mlangoni pake, wakiomba waruhusiwe kuingia nyuma ya nyumba wamkamate kiumbe aliyewekwa humo bila idhini yake. Ikumbukwe kwamba wachezaji hao walipiga hodi. Aliyeingia bila hodi ni kampuni iliyomweka kiumbe. Madai hayo yaliunganishwa na mengine, na mwaka wa 2019 yakamalizwa kwa maafikiano ambayo yaliitaka Niantic kuyashughulikia malalamiko ya wenye nyumba kwa haraka na kujitahidi kuepuka kuweka vituo karibu na makazi ya familia.

Katika kitongoji cha Rhodes mjini Sydney, vituo vitatu vilivyokaribiana viliwavuta mamia ya watu kwenye bustani ndogo iliyozungukwa na majengo marefu ya makazi. Kelele ziliendelea hadi usiku wa manane, taka zikajaa, na baadhi ya wakazi wakawarushia wachezaji mifuko ya maji kutoka juu. Vituo hivyo viliondolewa mwanzoni mwa Agosti. Bustani ilikuwa ya umma, na kwa hivyo kila mchezaji alikuwa na haki ya kuwa pale. Kilichowashinda wakazi ni wingi wa watu wote kuelekezwa pale pale, saa ile ile, na mtu asiyeishi pale.

5.0 MU: Humu Mna Heshima Yake

Kundi la pili lilihusu ndani. Mahali penye kuta, mlango na kizingiti huwa na sheria zake, na anayevuka kizingiti huhesabiwa kuwa amezikubali. Makumbusho ya Mauaji ya Wayahudi mjini Washington iliwaomba wageni wake wasicheze ndani ya jengo hilo, ambalo lilikuwa kituo katika mchezo. Makumbusho ya Tuol Sleng mjini Phnom Penh, ambayo zamani ilikuwa shule kisha ikageuzwa jela ya mateso chini ya utawala wa Khmer Rouge, ilikataza mchezo mwezi wa Agosti. Humo mlikufa watu. Mgeni huingia kama mfiwa, na mfiwa hachezi matangani.

Nchini Indonesia, Mfaransa mmoja alizuiliwa kwa saa kadhaa mwezi wa Julai baada ya kuingia katika eneo la jeshi mjini Cirebon huku akicheza. Baadaye askari wa nchi hiyo walikatazwa kucheza wakiwa kazini, na katika Ikulu ya Jakarta paliwekwa tangazo la marufuku. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Kuwait nayo iliwaonya watu wasiyakaribie majengo ya serikali kwa ajili ya mchezo huo. Kwa mamlaka hizi, kamera inayoelekezwa ndani ni kamera, hata kama mwenye nayo anadai anamtafuta mnyama wa katuni.

Tofauti kubwa kabisa ya mapokezi ilidhihirika katika nyumba za ibada. Mjini Yekaterinburg nchini Urusi kuna kanisa lililojengwa mahali ambapo mfalme wa mwisho wa nchi hiyo aliuawa pamoja na jamaa yake mwaka wa 1918. Mwezi wa Agosti 2016, kijana mmoja aliyezoea kutengeneza video za mtandaoni alijirekodi akicheza Pokémon Go ndani ya kanisa hilo, akaisambaza video yake iliyojaa dhihaka. Alikamatwa, na mwezi wa Mei 2017 mahakama ikamtia hatiani kwa kuchochea chuki na kukashifu hisia za waumini, kwa misingi ya video hiyo na nyingine alizotengeneza. Alipewa kifungo cha nje cha miaka mitatu na nusu, kilichopunguzwa baadaye katika rufaa.

Wakati huo huo, Kanisa la Uingereza lilizishauri parokia zake zikague kama majengo yao ni vituo, na kama ni vituo, ziwakaribishe wachezaji, ziwape kinywaji na kuzungumza nao. Mchezo ulikuwa mmoja, na nyumba zote mbili zilikuwa za Mungu mmoja. Tofauti haikuwa katika ndani yenyewe, bali katika nani alizungumza kwanza. Katika mfano wa Uingereza, mwenyeji alitoka mlangoni akasema karibu. Katika mfano wa Urusi, kijana aliingia kwa nia ya kuudhi, na dola ikamjibu kwa niaba ya mwenyeji kwa adhabu ambayo wengi nje ya Urusi waliiona kuwa kali kupita kiasi.

6.0 KU: Kule Kuna Nini?

Kundi la tatu lilihusu mahali pasipodhihirika: kule mchezo unakompeleka mtu, na kule habari zake zinakokwenda. Hapa malalamiko hayakuhusu heshima bali usalama, na kwa baadhi ya watu yalihusu uhai wenyewe.

Nchini Bosnia, ambako vita vya miaka ya 1992 hadi 1995 viliacha mabomu mengi ardhini, shirika moja linaloshughulikia tatizo hilo liliwaonya wachezaji mwezi wa Julai 2016 wasiingie katika maeneo yaliyotiwa alama za hatari. Ramani ya mchezo ilionyesha uwanda wa kijani. Ardhi ilikuwa na habari nyingine. Katika O'Fallon, jimbo la Missouri, polisi walieleza kwamba majambazi wenye silaha waliutumia mchezo kuwavizia watu waliofika peke yao. Nchini Japani, mwezi wa Oktoba mwaka huo, dereva wa lori aliyekuwa akicheza alimgonga na kumuua mtoto wa shule ya msingi katika mkoa wa Aichi. Dereva huyo alikuwa huku kwa mwili, macho yake yakiwa kule.

Kwa Wamarekani Weusi swali la kule lilikuwa zito zaidi. Mchezo ulizinduliwa tarehe 6 Julai. Siku moja kabla, Alton Sterling aliuawa na polisi mjini Baton Rouge, na siku ile ile ya uzinduzi Philando Castile aliuawa na polisi katika jimbo la Minnesota. Katika wiki hiyo, mwandishi mmoja Mweusi alichapisha makala yaliyosomwa sana, akieleza kwamba kwa mwanamume kama yeye, kuzungukazunguka mtaa asioishi huku akitazama simu na kurudi alikotoka mara kadhaa ni kujitia hatarini. Onyo lililoonekana mchezo ulipofunguliwa lilimtaka mchezaji awe mwangalifu na mazingira yake. Halikuweza kumsaidia yule ambaye mazingira ndiyo yaliyomwangalia yeye.

Upande wa pili wa KU ni safari ya taarifa. Mwezi wa Julai 2016, ilibainika kwamba toleo la mchezo lililotumiwa katika simu za iPhone lilipewa ruhusa pana mno juu ya akaunti za Google za wachezaji. Kampuni ilikiri kosa na kulirekebisha, lakini Seneta Al Franken wa Marekani aliiandikia akiitaka ieleze inakusanya nini na inampa nani. Serikali ya Iran ilipiga mchezo marufuku mwezi wa Agosti kwa sababu za usalama. Korea Kusini, ambayo wakati huo ilizuia data za kina za ramani yake zisipelekwe nje ya nchi, haikuupata mchezo rasmi hadi Januari 2017. Hata hivyo, mwezi wa Julai 2016 ilijulikana kwamba mchezo unafanya kazi katika mji wa pwani wa Sokcho, na watu wakajaza mabasi kuelekea huko.

7.0 Waliosema Karibu

Ingekuwa kosa kuyaeleza mapokezi haya kama malalamiko matupu. Watu wengi walifurahi, na walikuwa na sababu. Hospitali ya watoto ya C.S. Mott katika mji wa Ann Arbor, Michigan, iliutumia mchezo kuwahimiza watoto wagonjwa watoke vitandani na kutembea. Katika mji wa Muncie, Indiana, makazi ya wanyama waliopotea yaliwaalika wachezaji waje kuwachukua mbwa na kutembea nao wakati wa kucheza. Wazazi walieleza kwamba vijana wao waliokuwa wamejifungia vyumbani walianza kutoka. Wageni walizungumza barabarani kwa sababu walikuwa na jambo la kuzungumzia.

Watafiti nao waliupima msisimko huo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la tiba la BMJ mwezi wa Desemba 2016, uliohusu vijana wa Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki ya kwanza mchezaji aliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku, na kwamba kufikia wiki ya sita ongezeko hilo lilikuwa limetoweka. Matokeo haya yanafaa kusomwa pande zote mbili. Wale waliohofia kwamba jamii imepagawa milele walikosea, na wale waliotangaza kwamba dawa ya unene imepatikana walikosea pia.

Ni muhimu kukiri pia kwamba baadhi ya malalamiko yalikuwa kisingizio. Palikuwapo wenyeji waliochukizwa na vijana kukusanyika tu, na ambao wangechukizwa hata kama vijana hao wangekuja na gitaa. Kaunti ya Milwaukee, baada ya bustani yake kukanyagwa na umati katika kiangazi cha 2016, ilitunga sheria mwaka wa 2017 ya kuwalazimu watengenezaji wa michezo ya aina hii kuomba kibali kwanza. Kampuni nyingine ndogo ilipinga, na mwezi wa Julai mwaka huo jaji akaizuia sheria hiyo isitumike, kwa kuwa iligusa uhuru wa kujieleza. Kwa maneno mengine, hodi ikifanywa kuwa fomu ya serikali inaweza kuwa kizuizi. Mji wa The Hague nchini Uholanzi ulifaulu kwa njia tofauti. Uliishtaki kampuni kwa sababu ya umati uliofurika katika ufuo wa Kijkduin, na kampuni ikakubali kuwaondoa viumbe katika vilima vya mchanga vinavyohifadhiwa na kuusitisha mchezo ufuoni wakati wa usiku. Ufuo ulibaki wa wote. Kilichowekwa ni saa na mipaka.

8.0 Tathmini

Mifano iliyotolewa inaonyesha mambo matatu. Kwanza, wengi waliolalamika hawakuupinga mchezo. Walipinga mahali pao kuchukuliwa kama nukta. Mlinzi wa makumbusho, mwenye nyumba na mkazi wa Bosnia walikuwa wakisema jambo moja kwa njia tatu: hapa pana historia, humu mna watu, kule kuna hatari, na ramani haijui lolote kati ya hayo.

Pili, mahali pamoja paweza kubeba maana zote tatu, kama vile nomino moja inavyoweza kupokea upatanisho wa aina tatu. Kanisa la Yekaterinburg ni PA kwa historia ya mauaji na ni MU kwa ibada. Ndiyo maana mgogoro wa kanisa hilo ulikuwa mkali kuliko ule wa bustani ya Milwaukee. Maana zinaporundikana, heshima inayodaiwa huongezeka.

Tatu, mahali palipopatikana suluhisho, suluhisho hilo lilikuwa namna fulani ya hodi. Hiroshima iliomba, ikasikizwa. Kanisa la Uingereza lilikaribisha. The Hague iliweka saa. Hata hivyo, katika karibu mifano yote, ilimbidi mwenyeji aanze. Kampuni iliweka kwanza, ikaondoa baadaye, na aliyekuwa hana ofisi, wakili au mtandao wa kupazia sauti alilazimika kuvumilia. Huu ndio udhalimu ulio katika mtindo huo: mzigo wa kueleza kwamba mahali pana mwenyewe umewekwa juu ya mwenyewe.

9.0 Hitimisho

Msisimko wa mwaka wa 2016 ulipoa, lakini mchezo haukufa, na ramani iliyojengwa na miguu ya wachezaji haikupotea. Mwezi wa Novemba 2024, Niantic ilitangaza kwamba inaunda akili unde ya kuelewa mandhari ya dunia kwa kutumia, miongoni mwa vingine, picha za mahali zilizotolewa na wachezaji wake. Mwaka wa 2025, kampuni hiyo iliuza baadhi ya michezo yake, Pokémon Go ikiwamo, kwa kampuni ya Scopely kwa dola bilioni 3.5, na kubaki na kazi ya ramani. Scopely inamilikiwa na Savvy Games Group, ambayo ni mali ya hazina ya uwekezaji ya Saudi Arabia. Ni nchi hiyo hiyo ambayo wanazuoni wake walitoa fatwa ya kuiharamisha Pokémon ya kadi mwaka wa 2001, fatwa iliyochapishwa tena mtandaoni Julai 2016 mchezo wa simu ulipozuka. Historia hii inathibitisha kwamba swali la KU, yaani kule habari za mahali zinakoishia, halikuwa wasiwasi wa bure.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, makala haya yanatoa mapendekezo mawili. La kwanza ni la istilahi. Michezo ya aina hii yafaa kuitwa 'michezo ya mahali', kwa kuwa jina hilo linabeba kile kinachoitofautisha na michezo mingine ya simu. Maneno 'kituo', 'uwanja' na 'chambo' yanatosha kuyaeleza mambo yake bila kukopa. La pili ni la utafiti. Ngeli ya mahali hufunzwa mara nyingi kama orodha ya viambishi vya kukariri kabla ya mtihani. Inapasa ifunzwe pia kama hazina ya fikra kuhusu ardhi, makazi na mipaka, mambo ambayo jamii za Afrika Mashariki zimeyapigania mahakamani na nje ya mahakama. Anayeunda ramani ya Nairobi, Lamu au Kisumu kwa ajili ya mchezo, biashara au usafiri atakutana na pale, mle na kule za wakazi wake. Akizijua kabla ya kuweka nukta yake ya kwanza, atakuwa amekwisha kupiga hodi.